Gita la Pili

Wanamuziki wengi wa dansi waliotuchezesha miaka ya sitini na sabini walizeeka bila gita. Vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, vya jeshi, vya polisi, vya umoja wa vijana, vya shirika. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilipoundwa mwaka 1964, mwanamuziki aliajiriwa kama karani anavyoajiriwa, na gita alilopiga lilikuwa mali ya ofisi. Alfajiri, wacheza dansi wakishatawanyika, gita lilirudi stoo, naye akarudi kwake mikono mitupu.

Nimekuwa nikiiwaza mikono hiyo. Usiku kucha imetembea juu ya nyuzi, imewainua watu vitini, imewapatanisha waliogombana. Kukicha inafungua mlango wa chumba cha kupanga, inasukuma pazia. Imebeba nini kutoka kule? Wimbo ukishapigwa, mpigaji anabaki na nini cha kwake?

Waajiri walibadilika na bendi zikabadilika majina. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, mpaka likabaki jina la mtindo peke yake, Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alihama kutoka kwa bwana mmoja hadi kwa bwana mwingine, akiacha nyuma vyombo na kukuta vingine. Kisha siku ikafika hakuna bwana wa kumhamia. Yuko Temeke, au Magomeni, ana miaka sabini, ukutani kwake pana picha ya bendi na kalenda, na hakuna gita. Huyo bado ni mpiga gita? Au upigaji gita ulikuwa cheo, na cheo kimerudishwa pamoja na funguo za stoo?

Mwaka 1993 baadhi ya wakongwe hao walikusanyika tena Dar es Salaam, wakapata msaada wa HelpAge International, shirika linaloshughulika na wazee, wakaunda Shikamoo Jazz. Miongoni mwao alikuwapo Salum Zahoro, ambaye jina lake lilikwishajulikana tangu enzi za Kiko Kids ya Tabora. Kwa kawaida mzee akifikiriwa hufikiriwa blanketi, dawa ya presha, fimbo ya kutembelea. Safari ile kuna mtu alifikiri gita. Sijui kama alijua ukubwa wa alichokifikiri. Alikuwa anasema kwamba kuna njaa ambayo mzee hawezi kuionyesha tumboni.

Mimi nilitokea upande wa pili wa hasara hiyo. Wao walikuwa na muziki bila chombo. Mimi nimepata chombo muziki ukiwa umeshanipita.

Nilipokuwa msichana, gita lilikuwa la kaka zetu. Msichana aliweza kuimba, tena kwa minong'ono nyuma yake. Kushika gita kuliwafanya watu waulize amelelewa na nani. Nilisimama nje ya ukumbi pamoja na watoto wengine, muziki ukipita juu ya ukuta, na vidole vyangu vikafuata ridhimu kwenye mshono wa gauni. Hakuna aliyenikataza, maana hakuna niliyemwomba. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Nilipostaafu nilinunua gita la mtumba lenye ufa mdogo ubavuni, na baada ya kusitasita sana nikaenda kubisha hodi kwa wazee wanaofanya mazoezi uani kwa mmoja wao. Waliniambia, "Karibu Mwalimu." Mpaka leo wananiita hivyo, ingawa pale ninayefundishwa ni mimi.

Mtu anawezaje kuomboleza asichowahi kuwa nacho? Hili nimejiuliza usiku mwingi. Aliyefiwa ana kaburi la kwenda, ana nguo ndani ya sanduku, ana sauti anayoikumbuka. Mimi ninayemlilia ni msichana mwenye vidole vya miaka kumi na minane anayeweza kubana kodi ya F bila kufikiri. Hakuwahi kuwapo. Hakuna picha yake. Lakini kila ninapolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na nyuzi mbili zinagoma kulia, namwona amekaa pembeni ananitazama, kimya, bila lawama. Nimeshindwa kuamua kama amekuja kunisaidia au kunidai.

Vidole hivi vina habari zao. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto asubuhi hakikunjuki vizuri; lazima nikiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi. Uzi wa chuma hukata ngozi laini, ngozi ikakomaa ikawa sugu, na sugu ndiyo inayomwezesha mtu kupiga bila maumivu. Lakini nikiugua nikalala wiki mbili, sugu inabanduka, ukiigusa ni ganda kavu, na chini yake imeota ngozi nyekundu ya mtoto mchanga. Ninaanza upya. Kijana akifanya mazoezi anaelekea mahali. Mimi ninaelekea wapi? Kila ninachokipata kina haraka ya kuondoka. Jioni moja mkono unaelewa, unatembea wenyewe, nami nafurahi kimyakimya. Juma linalofuata umesahau, na mimi nauuliza kama unanikumbuka.

Mzee wetu wa besi masikio yanamwacha. Sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka kwa wazee, na kwake zimekwenda nyingi: matoazi ya dramu, nyuzi nyembamba za solo, vicheko vya wajukuu. Zimebaki sauti za chini, ambazo kwa bahati ndizo kazi yake. Anapopiga huvuta kiti chake nyuma mpaka mgongo unagusa spika, kisha anafumba macho. Anasikiliza kwa mifupa. Nilimwuliza wimbo unafikaje huko. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, unakuja kama gari kubwa linalopita barabarani, nami najua ni la nani." Niliondoka nikiwaza ni kiasi gani cha wimbo kinaweza kupotea na wimbo bado ukawapo. Ukitoa matoazi, upo. Ukitoa solo, upo kwa yule anayeijua. Ukimtoa anayeijua?

Mwimbaji wetu ana msiba mwingine. Ujana wake umehifadhiwa. Alirekodi na bendi yake kwenye Radio Tanzania, enzi zile bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache na kosa la mmoja likiwarudisha wote mwanzo. Nyimbo hizo bado hupigwa redioni kwenye vipindi vya zilipendwa. Siku moja tukiwa uani, dirisha la jirani lilifunguliwa na sauti yake ya miaka ishirini na ushei ikatoka, nyepesi, ikipanda juu bila jasho. Tulinyamaza. Yeye akainamisha kichwa akaisikiliza yote mpaka mwisho, mkono ukiwa gotini. Kisha akasema tuendelee. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya wimbo huohuo, kwa sauti ya chini zaidi, maana ule ukali wa juu koo lake haliufikii tena.

Mwimbaji Salum Abdallah alikufa mwaka 1965, mwenzake Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, akiwa na miaka 34. Hawakupewa nafasi ya kujua koo hufanya nini likifika miaka sabini. Huwa tunawahurumia kwa kukatika mapema, na ni kweli ni wa kuhurumiwa. Ila nikimtazama mwimbaji wetu akisikiliza ujana wake kupitia dirisha la jirani, nashindwa kupima hasara ipi ni nzito. Kuna aliyekatwa sauti ikiwa kamili. Kuna aliyeachiwa aishi, akaiona sauti yake ikimtangulia kuondoka, siku hadi siku, noti moja baada ya nyingine kutoka juu kushuka chini.

Muhidin Gurumo alitangaza kustaafu kuimba mwaka 2013, baada ya maisha yaliyopitia NUTA, Mlimani Park, Safari Sound na Msondo. Aprili 2014 akafariki. Mwalimu akistaafu anaacha chaki. Mwimbaji anaacha nini, ikiwa chombo chake ni koo na koo analala nalo, anakohoa nalo, anaomba dua nalo? Je, siku zile baada ya kutangaza alikuwa akiimba bafuni? Nina hakika huwezi kuuambia mdomo wako basi. Lakini pia najua kuna siku mdomo wenyewe ndio unaosema basi.

Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, hakutangaza chochote. Mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa uhakika, watu wakamhesabia zaidi ya miaka mia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa bado ni Bi Kidude wa jukwaani, wa ngoma na msondo wa unyago. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa na kokoto ndani yake. Waliojaza kumbi za Ulaya kumsikiliza hawakufuata usafi wa sauti. Sauti safi zipo nyingi. Walifuata nini basi? Nadhani walitaka kusikia muda wenyewe ukitoka kinywani mwa mtu. Na hapo najikuta na wasiwasi, kwa sababu kumsikiliza mzee kwa ajili ya uzee wake ni namna nyingine ya kutomsikiliza. Yeye alikuwa akiimba wimbo.

Kuna jambo moja limetupata pale uani ambalo nalirudia sana moyoni.

Katika dansi letu magita hayapigwi kwa zamu. Ridhimu inashika njia, besi inatembea chini yake, solo inazungumza juu. Katikati yao lipo gita la pili, ambalo kazi yake ni kudokeza na kujibu. Solo ikisema neno, gita la pili linalipokea, linaligeuza kidogo, linalirudisha. Mcheza dansi halitambui. Likiondoka ndipo anahisi wimbo umepwaya, asijue umepungukiwa na nini. Mzee wetu wa gita la pili alikuwa mtu wa maneno machache, na hata kwenye gita alikuwa hivyohivyo. Alikuwa akifika na kofia yake, anasalimia, anakung'uta vumbi kwenye kiti, anakaa. Mvua za masika zilipoanza aliugua kifua. Hatukupata kumwona tena amekaa.

Tulimzika. Tulikwenda kwenye arubaini yake. Tulirudi mazoezini tukiwa tumekubaliana tupige tu, tusiseme mengi. Tulipofika palepale pake, solo alimaliza neno lake, akanyamaza akimsubiri. Nasi sote tukasubiri pamoja naye. Ridhimu na besi zikaendelea, mkono wangu ukishika njia kwa hofu, na mapigo manane yakapita yakiwa matupu. Kisha solo akaendelea, kama mtu aliyejibiwa.

Hatukuwa tumepanga. Hakuna aliyelizungumzia. Wiki iliyofuata tukafanya vilevile, na iliyofuata. Yale mapigo manane yakawa yake.

Ni nini kile kimya? Nimekisikiliza kwa makini, maana mimi ndiye ninayekipitisha. Wakati mwingine nahisi kwamba yumo, kwamba uzi wake umetetemeka mahali ambapo sikio halifiki, kama zile sauti za juu ambazo mzee wa besi hazisikii nazo zipo. Wakati mwingine nahisi hakuna kitu mle, ni shimo, nasi tumekuwa watu wa kuzungushia shimo ukuta. Je, tunamtunza yeye au tunaitunza huzuni yetu? Na kuna tofauti? Kwenye harusi moja tuliyoalikwa, mtoto mdogo aliyekuwa akicheza mbele yetu aliizoea ile nafasi upesi, kila ilipofika akapiga makofi ndani yake. Solo alimtazama kwa muda mrefu. Kwa mtoto yule, kimya kile ni sehemu ya wimbo tangu ulipotungwa. Atakua akijua hivyo.

Labda ndivyo nyimbo zote zilivyo, sijui. Labda kila pumziko ninalojifunza kwa bidii, nikilihesabu kwa mguu, lilianza kwa mtu ambaye siku hiyo hakufika.

Ninaanza kuelewa, japo kwa kupapasa, kwa nini sauti ya gita hainichoshi uzeeni wakati mambo mengine mengi yamenichosha. Sauti ikizaliwa inaanza papo hapo kufa. Huwezi kuishika. Ukiubana uzi ili noti isiondoke, ndipo inapokatika. Nimeishi maisha yangu nikikusanya: vyeti, vyombo vya kabatini, kiwanja, picha za watoto. Mume wangu alipoondoka nilikuta kwamba mikono yangu ilijua kukusanya tu, haikujua kuachia. Hapa uani naachia mara mia katika jioni moja. Sijisikii nafuu kwa hilo, na nisingependa kumdanganya mtu kwamba gita linaponya. Msiba wangu uko palepale nilipouacha asubuhi. Ila sasa nina watu wa kuachia pamoja nao, kwa mapigo yanayojulikana, na tukimaliza wimbo tunatazamana.

Kanda za redio zinahifadhi. Nashukuru zinahifadhi. Lakini kanda haimsubiri mtu. Ikifika kwenye zamu ya marehemu, anapiga vilevile kila siku, hata kama solo amechelewa, hata kama mwimbaji ana mafua. Nimegundua kwamba ninachomkumbuka zaidi mzee yule ni namna alivyokuwa akitusubiri.

Mwezi uliopita alikuja mjukuu wake. Kijana mrefu, gita lake jipya limo ndani ya begi, akatuamkia mmoja mmoja, "Shikamoo babu, shikamoo bibi," kisha akasimama. Alisema amejifunza sehemu za babu yake zote kwa kusikiliza nyimbo za zamani kwenye simu. Angependa kujiunga, kama hatutaona vibaya.

Hakuna aliyejibu. Mzee wa besi akanigeukia. "Mwalimu, unasemaje?"

Nilitamani angemwuliza mwingine. Nilitazama kile kiti. Tukimkubali, yale mapigo manane yatajazwa, na marehemu atakufa mara ya pili, safari hii kwa mikono yetu. Tukimkataa, tutakuwa tumemfungia mlango kijana kama mimi nilivyosimama nje ya ukuta. Na hiyo nafasi ilikuwa mali ya nani? Ya marehemu, ambaye hata gita lake alipewa na ofisi? Yetu? Nilisema akae, apige, tusikie.

Alipiga vizuri. Alipiga vizuri mno. Zamu ilipofika aliijibu solo neno kwa neno kama ilivyo kwenye rekodi, papo hapo, bila kukosea. Na solo akapotea. Mzee yule aliyepiga wimbo huo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi alisimama katikati ya wimbo, vidole vimeganda, hajui arudie wapi.

"Babu yako alikuwa anachelewa kidogo," akamwambia.

"Kwenye rekodi hachelewi, babu."

"Kwenye rekodi alikuwa kijana."

Kijana akatazama chini, akatafakari. Sidhani kama alielewa, na sioni kwa nini aelewe sasa. Mwimbaji akaomba tushuke nusu sauti, koo limechoka, ikabidi tulegeze nyuzi zote, uzi mmoja baada ya mwingine, huku kila mtu akimsikiliza mwenzake. Tulipoanza tena kijana alijitahidi kuchelewa, akachelewa mno, zamu ikampita kabisa. Solo akasimamisha mkono. Akamwambia asijali, tutarudia, ila safari hii asihesabu, amtazame yeye usoni.